Bunduki Walizobadilishana

Risasi ya kwanza kuanguka niliiona mwenyewe, kwa sababu mimi ndiye niliyekuwa dereva. Tulikuwa tumesimamisha pikapu kwenye tambarare asubuhi, jua limeshatoka lakini nyasi bado zina umande. Baba alishuka, akaegemea bampa, akavuta nyuma bolti, kile chuma kinachofungia risasi ndani ya bunduki, na kuanza kuijaza. Alikuwa akifanya hivyo tangu kabla sijaanza shule. Anailaza risasi juu ya tundu, anaikandamiza kwa kidole gumba mpaka springi ya ndani inakubali na risasi inashuka, kisha anachukua nyingine. Siku hiyo risasi moja iligoma. Iliteleza chini ya kidole, ikaangukia kwenye nyasi. Akaiokota, akaifuta kwenye suruali, akairudia. Ikaanguka tena.

Rafiki yake alikuwa amesimama karibu na tairi la mbele. Aliona. Akainama na kuanza kufunga kamba za viatu vyake, ambazo zilikuwa zimefungwa tayari.

"Umande," baba alisema.

"Ndiyo," rafiki yake alijibu akiwa bado ameinama. "Umande wa leo ni mwingi."

Askari wa wanyamapori aliyepangiwa kufuatana nasi alikuwa nyuma ya gari akimalizia chai ya chupa, na sidhani kama aliona lolote. Baba aliwinda vizuri siku ile. Alipiga swala pala mmoja, risasi moja, na rafiki yake akakimbia na kisu akamchinja kabla hajakata roho. Tulirudi Babati mchana tukiwa na nyama nyuma ya gari, nikajiambia kwamba risasi kuanguka ni jambo la kawaida.

Baba alikuwa fundi seremala. Wazazi wake waliteremka kutoka nyanda za juu za Mbulu wakiwa na ng'ombe wachache na dini ya Kikatoliki, wakapata shamba Sigino. Yeye hakupenda jembe. Alijifunza mbao, akafungua karakana Nakwa, akatengeneza milango, madirisha na vitanda ambavyo mpaka leo nikienda kumwona mzazi wa mwanafunzi wangu nyumbani kwake navitambua kabla sijaambiwa. Lafudhi yake ya nyumbani haikumwacha hata kidogo. Watoto wa mjini walikuwa wakimwigiza, naye akicheka.

Rafiki yake alikuwa na duka la vifaa vya ujenzi pale mjini. Babu yake alitoka pwani zamani, akaoa huku, na ukoo mzima ukabaki huku. Walifahamiana kwa misumari na vanishi. Baba alikuwa akinunua kwake, wakazoeana, wakagundua kwamba wote wawili wanapenda pori. Tangu hapo hawakuachana. Baba alimwita Tajiri, ingawa duka lenyewe lilikuwa chumba kimoja na stoo. Yeye alimwita baba Fundi. Mimi na wadogo zangu tulimwita baba mdogo, na mama yangu alimwita shemeji, na hakuna aliyeona ajabu.

Kila msimu walikata leseni ya wenyeji, wakaenda pamoja. Baba ndiye aliyekuwa na shabaha, na baba mdogo, aliye Mwislamu, ndiye aliyechinja, ili nyama iweze kuliwa nyumba zote mbili. Ilikuwa hivyo miaka yote. Nyama ikifika, mama anapeleka fungu kwao, na mke wa baba mdogo anarudisha sufuria ikiwa na pilau.

Walitofautiana katika jambo moja tu, nalo lilikuwa bunduki.

Ya baba ilikuwa kuukuu. Aliinunua kwa utaratibu wa polisi kutoka kwa mkulima mzee wa Mbulu aliyeacha kuwinda. Kitako chake cha mbao baba alikichonga upya mwenyewe. Risasi zake zilikaa tumboni mwa bunduki, kwenye magazini ya ndani isiyotoka, na kuzijaza kulihitaji kidole gumba chenye nguvu. Lakini bolti yake ilikuwa na ukucha mrefu wa chuma ubavuni. Risasi ikipanda kutoka tumboni, ule ukucha unaidaka pale pale na kuikumbatia njia nzima mpaka inaingia chemba, nyuma ya mtutu. Ukisita, ukarudisha bolti kabla hujafika mwisho, risasi inarudi nayo na kutupwa nje. Hakuna kinachobaki ndani.

Ya baba mdogo ilikuwa mpya, aliinunua dukani Arusha. Magazini yake ilikuwa kiboksi kidogo kinachochomolewa chini kwa kubonyeza kitufe. Unaweza kukijaza nyumbani umekaa kwenye kochi, ukafika porini ukakipachika, ukasikia kinalia tiki, umemaliza. Lakini bolti yake haikuidaka risasi mapema. Iliisukuma tu kwa nyuma, na kindoano chake kidogo kiliishika risasi mwishoni kabisa, bolti inapofungwa.

Mabishano yao niliyasikia tangu nikiwa mdogo, pale karakana, baba akiwa na randa mkononi na baba mdogo amekaa juu ya rundo la mbao.

"Yangu inaishika risasi kama mama anavyomshika mtoto mkono akivuka barabara," baba alikuwa akisema. "Yako inamsukuma mgongoni, inamwambia nenda, utafika."

"Na anafika," baba mdogo anajibu. "Umewahi kuona hajafika?"

"Siku utakapokuwa na nyati mbele yako, mkono ukatetemeka, ukavuta kabla hujamaliza kusukuma, utaona. Risasi moja iko ndani imelala, unaleta ya pili kuigonga matako. Hapo huna bunduki tena. Una rungu."

"Mimi nyati siwindi. Na mkono wangu hautetemeki."

Baba mdogo naye alikuwa na yake. Alisema bunduki ya baba jioni inamtesa mtu, kwamba kuitoa risasi unafungua kifuniko cha chini na zote zinamwagika kwenye vumbi, wakati yeye anabonyeza, anachomoa, anatia mfukoni, anaenda zake kuswali. Baba alikuwa akimkumbusha ile safari aliyosahau magazini juu ya kaunta ya duka, akashinda porini akiingiza risasi mojamoja kwa mkono. "Nilipiga nyumbu siku ile," baba mdogo anasema. "Ulipiga," baba anakubali, "kwa sababu nyumbu alikuonea huruma." Wanacheka, mama anawaletea chai, wanahamia kwenye habari za bei ya saruji.

Sikujua kwamba nilikuwa nikifundishwa. Nilipokuja kuhitaji kuelewa, nilikuwa ninayajua yote.

Baada ya msimu ule wa umande, mambo yalianza kuonekana. Baba alianza kutembea kwa hatua fupi. Uso wake ulikauka, akawa kama mtu aliyeudhika wakati hajaudhika. Mkono wa kulia ukitulia juu ya meza, kidole gumba na cha shahada vinasuguana vyenyewe, kama anahesabu shanga. Mama alidhani ni uchovu. Karakana aliwaachia vijana wake kazi ya msumeno, akasema macho yanamsumbua.

Tulimpeleka hospitali, na baadaye kwa daktari bingwa. Daktari alimwambia anyooshe mikono, afunge na kufungua kiganja, atembee mpaka mlangoni na kurudi. Alituambia ni ugonjwa wa mishipa ya fahamu, hauponi, lakini zipo dawa za kuupunguza kasi. Baba alisikiliza mpaka mwisho.

"Kuandika nitaweza?" aliuliza.

"Utaweza kwa muda, mzee. Herufi zitakuwa ndogo."

"Kuandika siyo kitu," baba alisema. Nilijua alitaka kuuliza nini, na nilijua kwa nini hakuuliza.

Msimu uliofuata ulipokaribia, baba mdogo alikuja nyumbani baada ya swala ya Ijumaa. Nilikuwa nimempumzisha mama jikoni, namenya viazi karibu na dirisha, nikawasikia barazani.

"Fundi, nimechoka na bunduki yangu," alisema. "Nataka ya kwako."

Siku hizo maneno yalikuwa yakichelewa kumtoka baba. "Umechokaje?"

"Nimefikiria yale unayosema. Ukucha, kushika risasi mapema. Ulikuwa unasema kweli. Mimi nazeeka, nataka kitu cha uhakika. Tubadilishane. Tuende polisi, tufuate utaratibu, kila mmoja aandikishwe ya mwenzake."

"Miaka yote hii ulikuwa unabisha."

"Nilikuwa nabisha kwa kuwa napenda kubisha."

Niliacha kumenya. Nilikuwa na hakika baba atakataa, kwa sababu alimwelewa. Mtu aliyebishana nawe miaka yote hawezi kuamka asubuhi moja akakubali kila kitu, labda awe amekuja kukupa kitu bila kukiita jina lake. Kile kiboksi cha kuchomoa kingeweza kujazwa na mwingine, nyumbani, na baba asingehitaji tena kidole gumba.

"Haya," baba alisema. "Lakini usije ukarudi kudai."

"Sirudi."

Taratibu za polisi zilichukua muda. Ilibidi waende tena na tena, na baba kila akisaini herufi zilikuwa zikipungua, mpaka afisa akamwomba arudie kwa sababu hakuona jina. Baba mdogo alisimama pembeni yake akizungumza mambo ya mvua za kule Mutuka kwa sauti kubwa, ili watu wa kwenye foleni wamtazame yeye. Mwishowe kila mmoja akatoka na bunduki ya mwenzake. Baba mdogo aliibeba ile kuukuu kwa mikono miwili, akapitisha kiganja kwenye kitako alichochonga baba, akaitia kwenye mfuko wake.

Mwaka ule nilimwona baba akijifunza kwa bidii ambayo sijaiona kwa mwanafunzi wangu yeyote. Alitaka risasi za mfano za mti mgumu, akawaagiza vijana wake wazichonge kwa mashine, zisizo na baruti wala madhara. Kila asubuhi baada ya dawa, wakati mkono umetulia kidogo, alikaa mezani. Mimi nilijaza kile kiboksi, maana likizo zote nilikuwa nyumbani kumsaidia mama. Yeye alikipachika, akasukuma bolti, akafunga, akafungua, akavuta, ile ya mti ikaruka mpaka kwenye zulia. Tena. Mama alikuwa akikusanya zile risasi za mti kama anavyokusanya mahindi yaliyomwagika, anaziweka kwenye bakuli, anamrudishia.

"Inaenda," baba alisema siku moja, na uso wake uliokauka ukajaribu kutabasamu. "Tajiri alikuwa anasema kweli kidogo."

Ilienda kweli. Lakini ilienda asubuhi, ndani ya nyumba, amekaa, amekunywa dawa, hakuna anayemngoja.

Tulikwenda Desemba, shule zimefungwa. Niliendesha mimi. Baba alikaa mbele, baba mdogo na askari wa wanyamapori nyuma. Tulipita chini ya Kwaraa, mlima ukiwa na wingu kichwani, tukateremka mpaka kwenye eneo lililoandikwa kwenye leseni. Nilikuwa nimejaza magazini yake na ile ya akiba usiku uliopita na kuzifunga kwenye kitambaa, nikampa moja mkononi tuliposimama. Aliipachika, ikalia. Alinitazama kama mtoto aliyefunga vifungo vya shati mwenyewe.

Tulitembea polepole kuliko misimu yote. Hakuna aliyemharakisha. Baba mdogo alikuwa akisimama kila mara kujifanya anatazama kwato, ili baba apate pumzi. Jua lilikuwa limepanda tulipowakuta nyumbu, kundi dogo kwenye migunga, na mmoja dume amesimama peke yake pembeni.

Askari alimsimikia baba fimbo za kuegemeza mtutu. Baba alikaa sawa. Mtutu ulitulia, hilo nalikumbuka vizuri, kwamba mtutu ulitulia. Alipiga.

Nyumbu aliruka, akaanguka kwa magoti ya mbele, akanyanyuka. Risasi ilikuwa imeingia nyuma kidogo ya pale alipokusudia. Alikuwa amesimama pale pale, ubavu umetugeukia, kichwa kimeinama, akiwa mahali pa kupigwa na mtu yeyote.

"Mwongeze, mzee," askari alisema kwa sauti ya chini.

Baba alivuta bolti. Ganda likaruka. Akasukuma, na mkono ukafika katikati ukaganda. Sijui kueleza vizuri zaidi ya hivyo. Daktari alikuwa ametuambia kwamba wakati mwingine mwili utasimama wenyewe kama mguu uliokwama kwenye tope, na nilikuwa nimeona ukimtokea mlangoni, lakini sikuwahi kuona ukimtokea mkononi. Alijaribu kuulazimisha. Ukarudi nyuma badala ya kwenda mbele, kisha ukasukuma tena, na bolti ikagonga kitu na kukwama.

Nilijua kilichotokea kabla hajaangalia. Risasi moja ilikuwa imeshaachia magazini, imelala mdomoni mwa chemba, haijashikwa na kitu chochote. Ya pili ilikuwa imeigonga kwa nyuma. Ilikuwa ni kile alichokisema miaka yote pale karakana, neno kwa neno.

Kuitoa si kazi ngumu kwa mtu mzima wa mikono. Unachomoa kiboksi, unarudisha bolti, unainua mtutu juu, unaitikisa ile iliyolala, unaitoa kwa vidole. Baba alitafuta kitufe cha kuchomoa na kidole chake kikawa kinapita pembeni ya kitufe, kinarudi, kinapita. Baba mdogo alimfikia.

"Nipe, Fundi."

"Subiri."

"Nipe. Anaondoka."

"Piga wewe," baba alisema. "Una bunduki."

Baba mdogo alikuwa nayo ile kuukuu begani. Aliishusha, akaipandisha. Lakini nyumbu alikuwa ameshageuka na kuingia kwenye kichaka, na kilichobaki kilikuwa matawi yanayotikisika. Hakupiga.

Tulimfuata. Baba alikataa kukaa kwenye gari, kwa hiyo tulimfuata kwa mwendo wa baba. Damu ilikuwa matone, kisha mistari kwenye majani mahali alipopita akijisugua, kisha dimbwi pale aliposimama kupumzika. Kila tulipokuta dimbwi baba alisimama na kulitazama muda mrefu. Hakuwahi kumwacha mnyama namna ile. Tangu nimezaliwa sikuwahi kusikia.

Tulimkuta alasiri chini ya mgunga, amelala ubavu. Baba mdogo alitoa kisu akakimbia, uzee wote akausahau, akapiga goti, akamshika pembe. Kisha akamwachia. Akakaa chini pale pale na kisu mkononi.

"Ameshakufa," alisema.

Nyama ile ilikwenda kwa vijana wa karakana na majirani zetu Wakristo. Ilikuwa mara ya kwanza mama kutopeleka fungu kule kwa baba mdogo, na mara ya kwanza sufuria haikurudi na pilau. Mama aliiosha ile sufuria ikiwa tupu, akairudisha kabatini.

Ndani ya gari, tukirudi, watu wote waliisema bunduki. Askari alisema magazini za siku hizi chuma chake ni chepesi, midomo inapinda. Baba mdogo alisema ndiyo maana alitaka kuiondoa, kwamba ilimfanyia hivyo hivyo zamani na aliona aibu kusema. Nilijua ni uongo, kwa sababu baba angeliona, akalitumia mabishanoni kwa miaka kumi. Na mimi pia nilisema. Nilisema labda niliijaza vibaya.

Baba alikuwa akitazama nje dirishani. Mkono wake wa kulia ulikuwa umewekwa chini ya paja ili usionekane.

Siku chache baadaye nilikwenda dukani kwa baba mdogo kununua bawaba. Hakukuwa na mteja. Alinivutia stuli.

"Mwanangu, mimi nilifikiria kidole gumba," alisema. "Niliona risasi zinamwanguka, nikasema tatizo ni kujaza. Nikasema nitampa ya kwangu, haina kazi ya kujaza. Sikufikiria kusukuma." Aliinama, akaanza kupanga makufuli yaliyokuwa yamepangika. "Yake ingemsamehe. Angesita, angevuta, ingeruka nje, angesukuma nyingine. Nimemnyang'anya ile ambayo ingemsamehe."

"Ile asingeweza kuijaza, baba mdogo."

"Tungeweza kumjazia sisi pale kwenye gari."

"Asingekubali mbele ya askari."

Alifikiri. "Asingekubali," alisema. Lakini niliona kwamba haikumsaidia.

Baba hakurudi porini. Mwezi wa pili aliniambia nimpeleke polisi, akaikabidhi bunduki na kibali chake, akasaini jina kwa herufi ambazo sasa zilikuwa kama mbegu za mchicha. Afisa alimuuliza kama angependa kumwandika mtoto wa kurithi. Baba akasema hapana. Tulipotoka nje aliomba tukae kidogo kwenye gari kabla hatujaondoka, tukakaa, bodaboda zikipita na kupiga honi.

Ugonjwa ulikwenda haraka baada ya hapo, au sisi tuliuona hivyo. Aliacha kutembea bila kushikwa. Sauti yake ilipungua mpaka ikawa lazima umsogelee. Chakula alilishwa na mama, na wakati mwingine na mimi, na alikuwa akifumba macho tunapomlisha. Baba mdogo alikuja kila Ijumaa. Alikaa kwenye kiti karibu na kitanda akaongea peke yake, habari za soko, habari za mvua, za nani amejenga wapi. Habari za bunduki hakuzigusa. Wala baba hakuzigusa. Kilikuwa kimebaki kitu kimoja tu ambacho wasingeweza kubishania, na ndicho walichokuwa wamebishania maisha yao yote.

Alasiri moja mama alikuwa shambani Sigino na mimi nilikuwa nasahihisha madaftari chumbani kwa baba. Nilidhani amelala. Akaita.

"Mama." Ndivyo alivyoniita tangu utoto, kama wazee wengi wa kwetu wanavyowaita binti zao.

Nilisogea, nikaweka sikio karibu.

"Siku ile. Nyumbu." Alipumzika. "Ulikuwa unanitazama mkono?"

"Ndiyo, baba."

"Nilisukuma mpaka mwisho?"

Nilikuwa na jibu la kila mtu tayari mdomoni. Magazini, midomo ya chuma, nilijaza vibaya. Nilimtazama. Macho yake ndiyo kitu pekee usoni kilichokuwa bado kinakwenda kinapotaka, na yalikuwa yananingoja.

"Hapana, baba," nilisema. "Uliishia njiani. Ukarudisha. Ukasukuma nyingine."

Alifumba macho. Niliogopa nimemuumiza. Kisha nikaona kifua chake kikishuka polepole, kama mtu aliyetua mzigo wa kuni.

"Nilijua," alisema. "Nilitaka mtu aniambie."

"Walikuwa wanakuonea huruma."

"Najua. Lakini walinifanya mjinga. Bunduki ile haikuwa na kosa." Alipumzika tena, muda mrefu, mpaka nikadhani amemaliza. "Tajiri usimwambie. Atasikitika."

Alifariki kabla ya mavuno, asubuhi, mama akiwa amemshika. Tulimzika Sigino, karibu na wazazi wake. Paroko alikuja, na wanakwaya wa kigango, na mafundi wote wa mjini. Jeneza walilitengeneza vijana wake wa karakana na hawakukubali mtu mwingine aliguse. Baba mdogo alisimama nyuma wakati wa misa, kofia yake mkononi. Ilipofika kufukia alichukua koleo kutoka kwa kijana mmoja, akafukia mpaka akaanza kuhema, na kijana hakudai koleo lake.

Nilitii agizo la baba kwa miezi kadhaa. Kisha baba mdogo akaja kumsalimia mama, na wakati nikimsindikiza mpaka kwenye pikipiki yake akasimama.

"Kitu kimoja kinanikera, mwanangu," alisema. "Fundi amekufa akidhani bunduki ndiyo iliyomwangusha. Ilikuwa yangu. Pengine alikuwa ananilaumu na hakusema, kwa vile alivyokuwa."

Basi nikamwambia. Nikamwambia yote, alasiri ile, baba alivyouliza na nilivyojibu, na kwamba alijua tangu siku ya kwanza, na kwamba alikataza aambiwe.

Baba mdogo alinisikiliza ameshika usukani wa pikipiki kwa mikono yote miwili. Nilipomaliza alitazama upande wa barabara, ambako watoto wa shule walikuwa wanarudi nyumbani na mabegi vichwani kwa sababu ya manyunyu.

"Kumbe alikuwa ananificha mimi," alisema. "Na mimi namficha yeye. Ijumaa zote zile."

Alitoa leso akajifuta uso, manyunyu na machozi pamoja. Kisha akaniuliza kama mama ana mkaa wa kutosha, nikasema anao, akasema atamletea gunia hata hivyo. Akawasha pikipiki. Nilisimama pale mpaka alipopinda kuelekea mjini, halafu nikarudi ndani, mama akaniuliza mbona nimelowa, nikamwambia mvua imeanza.